Shina kwanza: shajara ya kubebesha kaktasi adimu, Tengeru

Oktoba

Kubebesha ni kuunganisha kichwa cha mmea mmoja juu ya shina la mwingine, na kazi ya mwezi huu ni mashina tu. Vikonyo, yaani vichwa vitakavyobebwa, vipo rafu ya juu, vimenenepa, lakini hakikatwi hata kimoja mpaka mashina yawe yananyonya maji vizuri na kuchipua nchani. Mzee wa kitalu cha parachichi hapa jirani, ambaye amekuwa akibebesha Hass kwenye miche ya kienyeji kwa miaka mingi, alipita akakuta meza nzima imejaa vipande vya mmea wa tunda la joka visivyo na kitu juu yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa hapa unabebesha nini? Miguu naiona, vichwa sivioni.”

“Vichwa vinasubiri miguu ishibe, mzee.”

Akacheka, akasema hapo tunaelewana. Hata parachichi ukilibebesha kwenye mche wenye kiu, kikonyo hukauka kikiwa kimefungwa vizuri kabisa, na fundi analaumiwa bure.

Huo ndio msimamo wa mradi huu kwa ufupi. Watu wengi wakisikia kubebesha kaktasi wanauliza kuhusu wembe na mkono usiotetemeka. Mkono una sehemu yake, lakini nikiangalia vilivyoshika na vilivyokufa kwenye kitalu hiki, shina ndilo lililoamua mara nyingi kuliko mkono: aina yake, umri wa sehemu uliyokata, na kama lilikuwa linakua siku ile au limelala.

Lengo ni kuzalisha kaktasi ambazo kwa mizizi yake zingechukua miaka mingi, au ambazo haziwezi kuishi kabisa bila kubebwa, mpaka zitoshe kugawana na wapenzi wa mimea hii bila mtu kutamani mmea uliong'olewa jangwani. Mashina yaliyoko mezani ni ya aina nne. Hylocereus undatus, yaani tunda la joka, ambalo siku hizi wanabotania wamelihamishia kwenye jenasi ya Selenicereus, nimelipata kirahisi kwa wakulima wanaopogoa. Pereskiopsis ni kaktasi ya Meksiko na Guatemala yenye majani kabisa, mtu asiyeijua anaipita akidhani ni ua la kawaida. Trichocereus spachianus imetoka Argentina, ni nguzo nene yenye mbavu nyingi. Na Harrisia ‘Jusbertii’ ni nguzo nyembamba, haina makeke.

Mpungate ninao nyuma ya nyumba, tena bure, ila hauingii kitaluni. Unabeba vizuri tu, lakini vijimiiba vyake vinaudhi, mapande yake bapa hayakai sawa na kikonyo cha mviringo, na ni mmea vamizi: kule Laikipia umekula malisho kiasi kwamba wadudu wa kochinili wameletwa makusudi kuupunguza. Sioni sababu ya kuupa mguu mwingine.

Novemba, vuli imeanza

Mbegu za Astrophytum asterias, kaktasi ya mviringo, zimeota. Zimetoka kwa mkusanyaji anayechavusha mimea yake mwenyewe kitaluni, zikaja na karatasi zake. Hilo la karatasi si la kurukwa: kaktasi zote, isipokuwa chache zilizotajwa, ziko kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na asterias iko Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi. Juu ya hapo kuna kibali cha kuingiza mimea na mbegu nchini, kinachotolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao makuu bahati nzuri yako hapa hapa Arusha.

Asterias ni nyepesi kuota. Kwenye nyuzi joto 25 hadi 30 huchomoza ndani ya siku chache, kijimche cha mviringo chenye upana wa milimita 2 au 3. Shida ni miaka inayofuata. Kwa mizizi yake hukua taratibu mno, na ukizidisha maji kidogo huoza ikiwa bado ndogo. Ukiiweka juu ya Pereskiopsis, ile miaka ya hatari unairuka kwa miezi.

Hapa nitaeleza kwa kirefu maana ndipo watu hukwama.

Wembe uwe mpya, uvunjwe katikati, ufutwe kwa spiriti na uachwe ukauke. Pereskiopsis inamwagiliwa siku moja kabla, iwe imejaa maji. Vijimiiba vya karibu na ncha navitoa kwa selotepu, la sivyo vitahamia vidoleni. Shina linakatwa tambarare chini kidogo ya ncha, mahali ambapo bado ni bichi. Wembe upite kimya. Ukisikia unakwaruza, umefika kwenye sehemu iliyoanza kuwa mti, ambayo haitashika, kwa hiyo chagua tawi jingine lililo laini. Katikati ya jeraha inaonekana pete ndogo iliyokolea kidogo kuliko nyama inayoizunguka. Hiyo ndiyo mishipa ya kupitisha maji na chakula. Kila kitu kinachofuata ni kwa ajili ya pete hiyo.

Kijimche kinang'olewa, kinalazwa juu ya kidole chenye unyevu, na kinakatwa pale kinapoanza kuwa mviringo juu ya mzizi. Kichwa kinabaki kimeganda kwenye wembe kwa utomvu wake. Usikibane kwa kibanio, utakiponda. Kisogeze na wembe wake hadi juu ya shina, kiteleze kihamie, halafu kisukume kidogo huku na huku ili hewa itoke chini yake. Sasa angalia pete. Ya kijimche ni ndogo kuliko ya shina, kwa hiyo ukikiweka katikati kabisa kama macho yanavyotamani, pete yake inaweza kuangukia ndani ya ile kubwa bila kuigusa popote. Kivute pembeni kidogo ili pete mbili zikatane. Zikikatana hata sehemu mbili tu, seli za pande zote zitaanza kujenga kiunganishi na mishipa mipya itapita humo. Zisipogusana, kichwa kitakaa kibichi kwa majuma, utafurahi, halafu siku moja utakipuliza kianguke.

Hakifungwi kwa chochote, utomvu unatosha. Chungu kinaingia ndani ya kontena lenye kifuniko, kivulini, kwa siku 3 hadi 7, kisha kifuniko kinafunguliwa kidogo kidogo. Bila unyevu huo kijimche hukauka kabla hakijashika.

Desemba

Vya kwanza vinang'aa na kuvimba. Ukiona ngozi ya kijimche imetanuka na nchani kuna nyuzi mpya za sufi, kimeshika. Kazi iliyobaki ni kung'oa machipukizi ya shina lenyewe. Pereskiopsis ikikatwa kichwa hutaka kutoa matawi kila jicho, na ukiliachia tawi moja tu, kikonyo kinakosa.

Januari, kiangazi

Zamu ya zile nyekundu. Ni kaktasi za Gymnocalycium mihanovichii zisizo na klorofili, yaani kijani cha mimea, mipira myekundu, ya manjano au ya waridi inayouzwa ikiwa juu ya fimbo ya kijani. Zilianzia Japani: mwaka 1941 mtunza kitalu Eiji Watanabe aliona michache myekundu katika miche aliyootesha, akaiokoa kwa kuibebesha haraka. Leo Korea Kusini ndiyo inayouza nje kwa wingi. Wekundu huo ni betalaini, rangi ile ile iliyomo kwenye bitiruti. Kwenye mmea wa kawaida inafunikwa na kijani. Kijani kikikosekana hakuna wa kutengeneza chakula, kwa hiyo mmea huu hauna maisha yake peke yake hata siku moja. Shina linampikia.

Hata CITES inazitambua. Aina hizi zikiwa zimebebeshwa juu ya Harrisia ‘Jusbertii’, Hylocereus trigonus au Hylocereus undatus zimeondolewa kwenye masharti, kwa kuwa hakuna jangwa litakaloporwa kwa ajili yake.

Ukataji wa mimea mikubwa ni tofauti na ule wa vijimche. Shina linakatwa tambarare mahali laini, kisha mabega ya mbavu yanachongwa kwa mteremko kuzunguka jeraha. Usiruke hatua hii. Jeraha likikauka, nyama ya katikati husinyaa na kushuka, lakini ngozi ngumu ya nje haishuki. Mabega yasipochongwa, ngozi inabaki juu na kukinyanyua kikonyo taratibu mpaka kinaachana na pete. Baada ya kuchonga nalikata shina kipande kingine chembamba sana na kukiacha juu ya jeraha kama kifuniko wakati natayarisha kikonyo, ili uso usikauke. Kikonyo kinakatwa, kifuniko kinatupwa, vinakutanishwa, vinazungushwa kidogo kutoa hewa, pete zinakatanishwa. Kisha rababendi mbili zinapita juu ya kikonyo na chini ya chungu kwa msalaba. Zikaze za kushikilia tu, zisikiminye. Hapa hakuna kontena la unyevu: majeraha makubwa yanataka hewa na kivuli, na maji yasiguse kiungo. Baada ya siku 7 hadi 10 rababendi zinatoka.

Nimezigawa: nusu juu ya tunda la joka, nusu juu ya Trichocereus. Tuone baridi itasema nini.

Februari

Kristata. Kwa kawaida kaktasi hukua kutoka nukta moja nchani. Mara chache nukta hiyo hunyooka ikawa mstari, na mmea badala ya kuwa nguzo unatandaza mkunjo uliojipinda kama upanga wa jogoo. Haina mbegu ya kutegemewa, kwa hiyo njia ni kukata kipande cha mkunjo na kukibebesha. Kila kipande kiwe na sehemu ya ule mstari wa juu. Kipande cha chini kisicho na mstari kinaweza kushika, lakini kitatoa vichipukizi vya kawaida.

Kuna kazi nyingine inayofanana nayo kwa ukatili. Asterias haitoi watoto kirahisi, hukaa mpira mmoja maisha yake yote. Ukitaka watoto, unaikata kichwa: nusu ya juu inapewa shina jipya, nusu ya chini inabaki kwenye shina lake la zamani bila nukta ya kukua. Shina halijui kwamba kichwa kimeondoka, linaendelea kusukuma maji na chakula, na baada ya muda areoli zilizobaki, vile vijidoa vya sufi kwenye mbavu, zinachomoza watoto. Kila mtoto ni kikonyo. Hivi ndivyo sura moja ya ajabu, tuseme yenye madoa meupe yaliyojaa kupita kiasi, inavyoongezwa bila kubadilika. Mbegu ingechanganya sura hizo, na asterias haijichavushi, inahitaji mwenzake.

Aprili, masika

Unyevu umekuwa mwingi hadi ukutani. Ndani ya makontena ukungu umeanza kwenye udongo na kupanda shina. Vijimche vilivyobebeshwa mwezi huu vimepotea vingi, na vyote kwa njia ile ile: kiungo kinageuka rangi ya chai, halafu kichwa kinakuwa laini. Nimeacha kubebesha mpaka mvua zipungue.

Kilichosaidia ni unga wa salfa, ule ule wanaopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiri unga. Ndugu aliyekuja kutoka Masasi aliniletea kidogo. Napaka kwa brashi ndogo kwenye jeraha la chini na kwenye mabega yaliyochongwa, kamwe si kwenye uso unaokutana na kikonyo. Vidung'ata, wale wadudu weupe wa pamba, nao wamejificha chini ya vichipukizi vya Trichocereus. Brashi na spiriti.

Julai

Asubuhi ukungu wa Meru unashuka mpaka kwenye neti ya kivuli, jua linaonekana saa sita. Huu ndio mwezi nilioungoja.

Tunda la joka limesimama. Ni mmea wa misitu yenye joto ya Meksiko na Amerika ya Kati, unaparamia miti, na joto likikaribia nyuzi 10 unakasirika: mbavu zinasinyaa, rangi inakuwa ya njano, na ukimwagilia kama kawaida unaoza kuanzia chini. Vikonyo juu yake bado vizuri kwa macho, lakini havijaongezeka chochote. Pereskiopsis imeangusha majani, nayo imelala. Trichocereus haijali sana. Ndugu zake wa Andes wamezoea usiku wa baridi kuliko huu, na zile Gymnocalycium nyekundu zilizo juu yake zinaendelea kujaa taratibu. Harrisia iko katikati.

Kwa hiyo ushauri unaosomwa kila mahali, kwamba shina la kaktasi ni tunda la joka, ni ushauri wa Dar, Tanga na Zanzibar. Huko litakubeba mwaka mzima. Ukiwa Arusha uliweke mahali pa joto na ulinyime maji wakati wa kipupwe. Ukiwa Lushoto, Mbeya au Njombe, achana nalo, panda Trichocereus. Tena hata kwenye joto tunda la joka halidumu. Baada ya miaka michache hukakamaa na kuchoka, na kichwa chekundu kinakufa pamoja nalo. Ndiyo maana zile za madukani hazizeeki: mnunuzi anadhani ameua mmea wake, kumbe shina limefika mwisho. Dawa ni kukata kichwa mapema na kukipa shina jipya.

Nimeingiza hapa kituko kimoja ili kisisahaulike. Kwenye kiungo cha mmea mmoja, si juu wala chini bali katikati hasa, kimetokea kichipukizi chenye mbavu zisizoeleweka. Yawezekana ni chipukizi la kawaida tu lililobanwa. Lakini tishu za shina na kikonyo huweza kuchanganyika kwenye kiungo zikazaa mmea mmoja wenye mwili wa wote wawili. Ile inayoitwa +Myrtillocalycium ilipatikana hivyo, kati ya Myrtillocactus na Gymnocalycium. Sikigusi.

Agosti

Wageni wawili kitaluni. Wa kwanza alileta tawi nene la ule mti mkubwa wa mbugani wenye mikono kama kinara, akitaka nibebeshe asterias juu yake kwa kuwa “nao ni kaktasi na haufi.” Si kaktasi. Ni jamii ya mnyaa, Euphorbia, na familia hizo mbili hazikubaliani kabisa. Nilimchomea kidogo kwa sindano, maziwa meupe yakatoka, nikamwambia asijifute macho. Lakini maziwa pekee yasikudanganye, kuna kaktasi za Mammillaria zinatoa maziwa pia. Angalia areoli: kaktasi inazo, Euphorbia haina. Kaktasi ya asili ya Afrika ni moja tu, Rhipsalis baccifera, haina miiba ya kutisha, inaning'inia kwenye matawi ya misitu yetu, na hakuna anayeitambua.

Wa pili alionyesha kwenye simu picha za Copiapoa, kaktasi za Chile, “wazee” wanaouzwa, weupe, wenye makovu, mizizi imekatwa kwa shoka. Nilikataa kushiriki. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa Copiapoa, zilizoibwa kutoka jangwa la Atacama, na mwaka uliofuata mamia yalirudishwa Chile kwa ndege. Tathmini kubwa ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya mwaka 2015 ilipitia spishi 1,478 za kaktasi na kukuta asilimia 31 ziko hatarini kutoweka, na ukusanyaji kwa ajili ya watu kama sisi ni mojawapo ya sababu kubwa.

Hata hivyo niseme ukweli upande wa pili: Copiapoa iliyobebeshwa hainipendezi. Inavimba, inakuwa ya kijani, ule unga mweupe unaoipa sura yake unapungua. Kwa spishi hiyo kubebesha ni njia ya kupata mbegu na watoto tu, halafu watoto warudi kwenye mizizi yao wateseke kidogo. Blossfeldia, kaktasi ndogo kuliko zote, hiyo ni hadithi nyingine. Bila shina wachache sana wanaweza kuitunza, kwa hiyo ibebwe.

Ariocarpus, kaktasi yenye nundu, nimejaribu kwa nundu zake. Unamenya nundu moja nzima hadi kitako chake, pale penye sufi, unakata uso mbichi na kuuweka juu ya pete ya Harrisia. Zinakaa miezi bila dalili yoyote. Zisipokauka, ziache.

Septemba

Joto limerudi na kila kitu kimeamka pamoja. Pereskiopsis zina majani mapya, asterias za Novemba zimekuwa pana kuliko mashina yanayozibeba na zinaanza kuinama. Kwenye shina hili zinaweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja na kitu, badala ya kungoja miaka minne, mitano au zaidi, lakini zikiachwa hapo zitavunjika kwa uzito au zitapasuka kwa kushiba.

Zinagawanywa makundi mawili. Zenye sura bora zinahamia Harrisia kwa ukataji wa tambarare kama ule wa Januari, zikae huko kama mama wa watoto na mbegu. Nyingine zinarudishwa ardhini. Shina linakatwa likiachwa kipande cha sentimita 2 hivi chini ya kikonyo, linakaushwa kivulini mpaka jeraha lifunge, kisha linafukiwa lote ndani ya changarawe kavu, kikonyo kikae juu ya udongo. Kile kipande kinaendelea kunyonya kidogo wakati kikonyo kinatafuta mizizi yake.

Tunda la joka lililonusurika kipupwe nimelipogoa lote na kulipanda upya, safari hii karibu na ukuta wa jikoni unaoshika joto la mchana. Zile nyekundu zilizokuwa juu yake zinahamia Trichocereus wiki hii, kabla mvua za vuli hazijanikuta na wembe mkononi. Mzee wa parachichi ameomba moja ya manjano kwa ajili ya mjukuu wake. Ataichagua mwenyewe Jumamosi.